Jazi huru ya watu watano, bila kiongozi

Jazi huru ni jazi inayobuniwa papo hapo, bila mpangilio uliowekwa. Anzeni na saksafoni, tarumbeta, udi, besi na ngoma. Watano wanatosha. Ornette Coleman, mpiga saksafoni wa Marekani, alirekodi jazi huru mwaka 1960 wakiwa wanamuziki 8 pamoja naye, lakini aliwagawa makundi mawili.

Kaeni duara. Dakika 3 za kwanza kila mtu ashike sauti moja ndefu. Kisha mmoja atupe kipande cha noti 4 au 5. Wengine wakijibu, wakipinge au wanyamaze. Kunyamaza nako ni kupiga. Kinachoharibu ni wote kujaza nafasi: udi humezwa mara moja. Usipousikia, wewe ndiye unayezidisha nguvu.

Unyevu wa Mombasa hulegeza ngozi ya ngoma, basi ipasheni moto kabla. Besi ikirudia noti moja tu, malizeni mmoja mmoja.