Kutumia akili mnemba kugundua na kufuatilia glakoma

Glakoma huharibu neva inayounganisha jicho na ubongo, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi huanza kupunguza uoni wa pembeni bila maumivu, kiasi kwamba mgonjwa hushtuka wakati kilichopotea hakirudi tena.

Anza na picha ya sehemu ya nyuma ya jicho, ambayo programu ya akili mnemba huisoma, kwa kuwa hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Punguza mwanga wa chumba ili mboni itanuke, futa lenzi ya kamera, mwache mgonjwa apepese macho, kisha hakikisha kwamba kichwa cha neva (mahali inapotokea nyuma ya jicho) na mishipa myembamba ya damu inayokipitia vinaonekana bila ukungu. Ukungu usipoondoka, pengine kwa sababu ya mtoto wa jicho, mpeleke kwa daktari wa macho badala ya kuilazimisha programu itoe jibu.

Jibu lenyewe lisomwe kwa hadhari. Tuseme programu hutambua wagonjwa 90 katika kila 100, na wazima 90 katika kila 100. Ukipima watu 1,000 ambao 30 kati yao wana glakoma, itawanasa 27, lakini itawashuku pia wazima 97. Kwa hiyo aliyeshukiwa asiambiwe kwamba ni mgonjwa. Aambiwe kwamba anahitaji kupimwa presha ya macho, pembe ya jicho (mahali maji ya ndani ya jicho yanapotokea) na uwanja wa kuona (eneo lote ambalo jicho huona likitazama mbele). Wala presha iliyo chini ya milimita 21 za zebaki isikutulize, kwani wapo wanaougua nayo. Wenye myopia kali (kutoona vizuri vitu vya mbali) nao huichanganya programu, maana kichwa cha neva yao mara nyingi kimeinama.

Katika ufuatiliaji, tumia mashine ileile ya OCT (inayopiga picha za tabaka za nyuma ya jicho kwa mwanga) kila mara, kwa sababu unene wa nyuzi za neva uliopimwa na mashine za kampuni tofauti haulinganishiki. Kipimo cha kwanza cha uwanja wa kuona mara nyingi huwa kibaya kwa sababu tu mgonjwa bado anajifunza kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Kirudiwe kabla ya kuiwekea programu msingi wa kulinganishia, la sivyo itatangaza nafuu isiyokuwepo. Ugonjwa ukikomaa, nyuzi hufikia kiwango ambacho mashine haioni tena zikipungua, na mstari ulionyooka kwenye skrini hudanganya kwamba ugonjwa umetulia. Mgonjwa wa namna hiyo afuatiliwe kwa uwanja wa kuona.