Somo: Kuuzoeza ulimi mvinyo, kidogo kidogo

Juzi Nyali niliwaona wenzetu wawili wakikunja uso kwa glasi ya kwanza, wakaapa mvinyo si wao. Walianzia pabaya tu. (Anayekatazwa na dini au daktari, hapa apite kwa amani.)

Hatua ya kwanza: anza na mtamu, wala usione haya. Moscato nyingi zina alkoholi ya asilimia 5 hadi 7 tu, na hunukia maua. Kaa nayo wiki kadhaa, glasi moja moja.

Hatua ya pili: hamia Chenin Blanc ya Afrika Kusini, ambayo kule huiita pia Steen. Utamu unapungua, ugwadu unajitokeza kama wa embe bichi lililokaribia kuiva. Soma kibandiko kwanza, maana zabibu hiyohiyo hutoa mvinyo mtamu na usio na sukari.

Hatua ya tatu ndiyo yenye kazi: mwekundu. Ukiwahi kutafuna bibo unaujua ule ukakasi unaokausha ulimi na ufizi. Ndio huohuo. Mwekundu huchachushwa pamoja na maganda na kokwa za zabibu, na ukakasi hutoka humo. Mweupe hukamuliwa maganda yakatolewa mapema. Kwa hiyo Cabernet Sauvignon, yenye ukakasi mwingi, iache kwanza. Chukua Merlot, kisha Pinotage, zabibu aliyoizalisha Abraham Perold kule Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuoanisha Pinot Noir na Cinsault.

Sasa, jambo linalowaponza wengi hapa Mombasa. Utaambiwa mwekundu hunywewa kwa joto la chumbani. Chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Bamburi wakati wa kaskazi! Mvinyo ukipata joto letu, alkoholi inakupanda puani na ladha nyingine zote zinapotea. Mimi mwenyewe niliichukia Merlot mwaka mzima kwa sababu hiyo. Itie chupa kwenye friji saa moja, hata mbili, ndipo umimine. Nusa, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, umeze taratibu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilikunywa Cabernet na samaki wa kupaka, mdomo ukawaka moto. Kosa langu nini?*
Pilipili, dada. Haipatani na ukakasi, na alkoholi huuchochea moto wake. Samaki wa kupaka mpe Chenin ya baridi yenye utamu kidogo. Hiyo Cabernet ingoje mishkaki ya ng'ombe, ila pilipili iwe kidogo: nyama na mafuta yake huulainisha ukakasi.

*Chupa ikishafunguliwa hukaa siku ngapi?*
Ifunge vizuri, friji, siku 3 hadi 5, hata ikiwa ni mwekundu. Ukiiacha juu ya kabati kwa joto hili, usishangae ikianza kunuka siki upesi.

*Na chupa ya bei ghali ndiyo itanifunza haraka?*
Hapana. Nunua mbili za bei ya kawaida, za zabibu tofauti, uzionje jioni moja kwa zamu. Tofauti utaisikia mwenyewe.

*Miezi sita sasa, bado napenda tamu tu. Nina kasoro?*
Huna, kaka. Hata friji yangu, nyuma ya maziwa, kuna Moscato.