Somo: Kutengeneza kipimo cha karatasi cha kutambua madini joto katika chumvi

Mkoa wetu wa Kigoma una Uvinza, ambako chumvi imetolewa katika chemchemi tangu enzi za mababu. Hata hivyo, mama anayenunua chumvi ya kopo sokoni hawezi kujua kwa macho wala kwa ulimi kama imetiwa madini joto (ayodini), ilhali upungufu wake huleta rovu, na kwa mjamzito unaweza kudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni. Migebuka na dagaa wetu, kwa kuwa ni wa maji baridi, hawatupatii madini hayo kama samaki wa baharini, na ndiyo maana nalipa jambo hili uzito.

Kipimo hiki kinafuata njia iliyotangazwa mwaka 2007 na kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambalo lilitengeneza mifereji ndani ya karatasi ili mkojo ujiendee wenyewe hadi kwenye kemikali za kupima sukari na protini, bila pampu wala umeme. Karatasi hunyonya kama utambi wa koroboi, na nta huwa kingo za mfereji.

Andaa karatasi ya kuchujia ya maabara (Whatman namba 1 inafaa sana), krayoni ya nta, pasi, selotepu, wanga wa muhogo, siki nyeupe, na potasiamu ayodaidi, ambayo mwalimu wa kemia anaweza kuwa nayo.

Kwanza, chora kwa penseli duara la katikati lenye kipenyo cha milimita 10, kisha mifereji miwili yenye urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 6, kila mmoja ukiishia kwenye duara dogo. Usirefushe mifereji kwa tamaa ya uzuri, kwa sababu umbali ukiongezeka mara mbili, muda wa maji kufika huongezeka takriban mara nne. Fuatisha mistari ya nje kwa krayoni, ukiacha wazi pale mfereji unapoungana na duara, ukikandamiza pande zote mbili za karatasi.

Pili, weka karatasi hiyo katikati ya karatasi mbili za kawaida na uipige pasi yenye joto la wastani hadi nta ionekane imepenya upande wa pili. Hapa ndipo wengi hukosea: nta inayoyeyuka hushuka chini, lakini pia husambaa pembeni, hivyo pasi ikikaa mno mfereji huziba, na ikikaa kidogo maji huvuja chini ya ukingo. Jaribu kwa tone la maji kabla ya kuendelea, kisha bandika selotepu upande wa chini.

Tatu, chemsha gramu 1 ya wanga katika mililita 100 za maji safi ya mvua hadi uwe uji mwepesi, uache upoe kabisa, kisha yeyusha humo gramu 1 ya potasiamu ayodaidi. Tia tone dogo katika kila duara dogo na ukaushe kivulini. Duara moja ni la kupimia. La pili, ambalo naliita la ushahidi, liongezee tone la maji ya chumvi ya paketi unayojua ina madini joto, nalo ulikaushe.

Siku ya kupima, yeyusha gramu 10 za chumvi katika mililita 40 za maji, ongeza mililita 10 za siki, na utie matone machache katikati. Ayodeti, yaani aina ya madini joto iliyomo kwenye chumvi, ikikutana na ayodaidi penye asidi, hutoa ayodini, nayo huugeuza wanga kuwa buluu. Soma rangi ndani ya dakika 10, kwani baadaye hewa yenyewe huanza kuleta buluu ya uongo. Duara la ushahidi lisipogeuka, matokeo yote hayafai.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kasulu: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kutumia limau badala ya siki?

Jibu: Marahaba. Hapana. Vitamini C iliyomo kwenye limau huila ayodini kabla rangi haijatokea. Mimi mwenyewe nilitumia limau mwanzoni, nikakaribia kumwambia jirani kwamba chumvi yake haifai, kumbe kosa lilikuwa langu. Duara la ushahidi nililiongeza baada ya siku hiyo.

Mwanachama wa Uvinza: Mwalimu, buluu iliyokolea inanionyesha kwamba kiwango kimetimia?

Jibu: Haitoshi kusema hivyo. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa chumvi ya nyumbani ni miligramu 15 za ayodini kwa kilo, na kipimo hiki kinaonyesha kuwepo kwa ayodeti, si kiasi chake. Vilevile, chumvi iliyotiwa ayodaidi badala ya ayodeti haitatoa rangi, kwa hiyo usimshutumu muuzaji kwa karatasi peke yake. Peleka sampuli maabara.

Mwanachama wa Kigoma Mjini: Vipimo vilivyokaushwa vinahifadhiwaje?

Jibu: Viweke ndani ya bahasha ya kaki, pakavu na penye giza, na usitie siki mapema kwenye karatasi, kwa sababu asidi huharakisha kuharibika kwa ayodaidi. Kabla ya kutumia, chukua kimoja, upime maji na siki bila chumvi. Duara la kupimia likigeuka buluu, tupa kundi zima.