Kusahihisha memwari ya usanifu majengo: anza na ramani, Kifaransa baadaye

Juzi mdogo wangu, mwanafunzi wa usanifu majengo hapa Lubumbashi, aliniletea memwari yake, yaani kazi ya kuhitimu masomo, juu ya nyumba za mtaa wa Kamalondo. Kurasa 90, zimebaki siku 4 aitetee. "Yaya, niangalilie tu makosa ya Kifaransa." Hatukuanzia hapo.

1. Simulia kila aya kwa Kiswahili. Alikuwa ameandika kwamba mpangilio wa nafasi unaleta "matatizo ya kiutendaji". Nikamwuliza, ndiyo nini? "Jiko halina dirisha, moshi unaingia wanakolala watoto." Basi andika hivyo! Aya isiyosimulika, futa.

2. Pima ramani dhidi ya maandishi. Chapisha ramani zote, zitandaze mezani, shika rula. Kila kipimo ulichokitaja kitafute kwenye mchoro. Ukuta wa sentimita 20 usigeuke 15 ukurasa wa pili. Mtego wenyewe lakini ni skeli, yaani uwiano wa mchoro na jengo lenyewe: kwa 1/100, sentimita 1 ya mchoro ni mita 1 ya jengo. Ramani ya 1/100 iliyochorwa kwenye karatasi ya A1, ukiipunguza iingie A3, imekuwa 1/200. Ukiibana hadi A4 inafika kama 1/283, skeli ambayo hakuna anayeitumia, na maelezo chini yake bado yanasema 1/100. Mwaka wangu wa mwisho, mwalimu mmoja alitoa rula akapima mlango wangu wa sentimita 90. Akapata 32. "Humu anapita nani, paka?" Usiku ule nilikesha nikirekebisha ramani moja moja. Tangu hapo sitaki kuona skeli ya namba peke yake: chora mstari wa mita ndani ya ramani yenyewe, ikipungua nao unapungua.

3. Namba za picha usiziandike kwa mkono. Kwenye Word ya Kifaransa kuna "Insérer une légende" (maelezo ya picha yenye namba) na "Renvoi" (kuitaja picha hiyo ndani ya maandishi). Ukimaliza, Ctrl+A halafu F9, namba zijisahihishe. Picha ziwe "Aligné sur le texte", yaani zikae ndani ya mstari wa maandishi. Zikielea, maelezo yake hufungiwa kwenye kisanduku na F9 haiyafikii.

4. Majina. Hadi 1966 mji huu uliitwa Élisabethville. Chagua utaratibu mmoja wa kutaja majina ya zamani na ya sasa, uufuate.

5. Sasa Kifaransa, na kwenye karatasi, siyo kwenye skrini. Kikagua tahajia kinaweza kuachia "mûr" (iliyoiva) ipite penye "mur" (ukuta), maana yote mawili ni maneno halali. Mdogo wangu alikuwa na kuta tatu zilizoiva.