Corolla 110 inagoma kuwaka na taa zimejaa dashibodi: ninavyoitafuta shida

Jumamosi iliyopita niliinama chini ya boneti ya Corolla 110 ya jirani yangu, mwalimu wa sekondari huku Mbagala. Alikuwa ameshanunua betri mpya, na fundi wa kwanza alikuwa ameshamfungia stata ya mtumba. Gari bado lilikuwa linapiga "tak" moja na kunyamaza, hasa likishatembea na kupata moto. "Fundi, hili gari lina mkono wa mtu," akaniambia. Nikamwambia, mwalimu, lina waya mbovu tu. Nilijua kwa sababu la kwangu, lenye injini hiyohiyo ya 5A, liliwahi kunitesa hivyohivyo kwa miezi.

Nayaandika haya kwa wenye Toyota za miaka ya 1990, zile zenye distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi) na kiboksi cheusi cha kupimia chini ya boneti. Ukiwa na gari jingine, mambo ya betri na ethi (waya wa hasi unaorudisha umeme betri) yanakuhusu vilevile, ila ya kiboksi yaruke.

Vifaa: mita ya dijitali ya kupimia umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa, jampa nene, msasa, spana za 10 na 12, na kipande cha waya. Mashine ya kupimia gari usikimbilie kuilipia. Vile vidude vya bluetooth vinavyosomwa kwa simu haviongei kabisa na magari haya.

Hatua ya 1: sikiliza kabla hujafungua kitu

Vuta hendibreki, weka gia P, piga stata huku redio na feni vimezimwa. Ukisikia tak-tak-tak ya harakaharaka, betri haina nguvu au kichwa chake kimelegea. Tak moja nzito kisha kimya, nenda hatua ya 3. Kimya kabisa ilhali taa zinawaka vizuri, jaribu kuweka gia N. Ikikubali, swichi ya gia ndiyo mbovu. Kama injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida ila haishiki, acha betri na stata, ruka hadi hatua ya 5.

Hatua ya 2: betri

Pima gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 ichajiwe kwanza ndipo uendelee. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Vichwa vyenye unga mweupe vimwagie maji ya moto, kisha msasa. Soda ya kopo ni ya kunywa, si ya kumwagia betri.

Hatua ya 3: ethi

Hapa ndipo pesa yangu ilipopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Stata inakula umeme mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye gari. Umeme huo unatoka kwenye chanya, unapita kwenye waya mnene hadi stata, halafu lazima urudi betri kupitia chuma cha injini na waya mweusi. Watu wote wanaukagua waya mwekundu. Huu mweusi unaofungwa kwenye injini au gia boksi, unaolowa maji na oili kwa miaka 25, hakuna anayeutazama.

Usiupime kwa ohmu. Nilifanya hivyo, mita ikasoma sifuri, nikajiridhisha. Uzi mmoja wa shaba ukibaki mzima ndani ya waya, mita itasoma sifuri, kwa sababu yenyewe inapitisha umeme kiduchu. Mpe uzi huo mmoja mzigo wa stata uone. Waya wa ethi unapimwa ukiwa kazini.

Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza mafuta) kwenye boksi la fyuzi ili injini isiwake wakati unapima. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse risasi yenyewe, ile nguzo ya kichwa hasi cha betri. Nasema risasi, si kile kikamatio kilichofungwa juu yake, kwa sababu shida inaweza kuwa kati ya hivyo viwili. Ncha nyekundu iguse chuma cheupe cha injini, mahali pasipo rangi wala oili. Mwambie mtu apige stata kwa sekunde mbili tatu, usome mita wakati huohuo. Isizidi sana volti 0.3. Ya mwalimu ilisoma 2.6. Maana yake, kila akipiga stata, volti mbili na nusu zinaishia kwenye waya mbovu, na stata inabaki na njaa.

Kisha sogeza ncha nyekundu: kwanza kwenye kikamatio, halafu kwenye bodi, halafu kwenye boliti ya waya pale injini, na kila mara apige stata. Mahali namba inaporuka ndipo palipooza. Kwa mwalimu, kikamatio kilisoma 0.05 na kichwa cha waya upande wa gia boksi kikasoma 2.4. Nilipochana plastiki ya nje karibu na kile kichwa, shaba ilikuwa kijani, inavunjika kama majani makavu. Kwa nje waya ulionekana mzima kabisa.

Kama huna mita, chukua jampa moja tu, ufunge upande mmoja kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini. Gari likiwaka kwa nguvu palepale, umeshapata jibu. Hii pia ndiyo sababu gari lenye ethi mbovu huwa linakubali "kushtuliwa" na la jirani: ukifunga jampa nyeusi kwenye injini, unakuwa umeipa ethi mpya bila kujua. Mwenye gari anahitimisha kuwa betri ni mbovu, anakwenda dukani.

Dalili nyingine niliipuuza mimi mwenyewe. Umeme ukikosa njia unatafuta nyingine. Kwangu ulipita kwenye kebo ya akselereta. Kebo ikawa nzito, nikainunua mpya, na hiyo mpya nayo ikawa nzito baada ya wiki chache. Sikujiuliza. Kama kebo ya akselereta au ya gia ni ya moto baada ya kupiga stata mara kadhaa, acha kila kitu uangalie ethi.

Kurekebisha: fungua hasi ya betri kwanza. Weka waya mnene usiopungua ule wa zamani, wenye vichwa vilivyobanwa kwa mashine, si kwa koleo. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza, grisi ipake juu baada ya kukaza. Rudia kipimo. Ya mwalimu ilishuka hadi 0.15, na waya haukufika hata robo ya bei ya betri aliyoinunua bure.

Upande wa chanya unapimwa kwa namna hiyohiyo: kutoka risasi ya chanya hadi boliti kubwa ya stata, isizidi 0.5. Ukimaliza kupima, rudisha fyuzi ya EFI.

Hatua ya 4: stata

Ethi nzima, betri nzima, bado tak moja? Stata nyingi za Denso zinakufa kwa vile vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi (swichi ya stata) vilivyoliwa. Vinauzwa peke yake. Usikubali kubadilishiwa stata nzima kabla haijafunguliwa.

Hatua ya 5: inazunguka lakini haishiki

Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze kwenye chuma cha injini, piga stata. Hakuna cheche, angalia distribyuta. Cheche ipo, angalia mafuta. Usitegemee kusikia pampu ukiwasha swichi tu. Kwenye magari haya pampu inasubiri injini izunguke. Kwenye kiboksi unganisha matundu yaliyoandikwa +B na FP kwa waya, washa swichi: pampu ilie, na hozi ya mafuta uisikie mkononi.

Hatua ya 6: taa

Washa swichi bila kupiga stata. Taa zote za tahadhari ziwake. Isiyowaka nayo ni taarifa, kwa sababu wapo wauzaji wanaochomoa balbu ya taa ya injini kabla mnunuzi hajafika.

Taa ya oili ikiwaka ukiwa barabarani, zima injini papo hapo. Hiyo haisemi oili imepungua, inasema presha hakuna.

Taa ya betri na ya breki zikiwaka pamoja kwenye Toyota ya zamani, usiguse breki kwanza. Ni oltaneta, ile inayochaji betri. Injini ikiwaka, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Na tafadhali, asije mtu kukupimia oltaneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma. Umeme unaruka juu ghafla, na unaweza kuondoka na dayodi za oltaneta au kontroli boksi (kompyuta ya injini). Fundi anayefanya hivyo simwachii funguo.

Taa ya injini: kiyoyozi kimezimwa, gia P au N, mguu mbali na akselereta. Unganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi, washa swichi, hesabu mapigo ya taa hiyo. Yakienda mfululizo bila kituo, hakuna kosa. Mawili, kituo, moja ni 21, sensa ya oksijeni. 12 ni ishara ya mzunguko wa injini, mara nyingi ndani ya distribyuta. 14 ni ishara ya cheche. 41 ni sensa ya throto. Ukipata 51, hakikisha kwanza kiyoyozi hakijawashwa na gia iko P.

Ya mwalimu ilitoa 22, joto la maji. Soketi ya sensa ilikuwa inaning'inia, nadhani tangu siku ile ya kufunga stata. Niliichomeka, nikatoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika ili kosa lifutike, nikairudisha. Ni fyuzi ya ampea 15. Ukikuta mtu ameweka ya 30, toa, tafuta kwanza kilichokuwa kinaikata.