Jinsi ya kuchungulia databesi inavyohifadhi data kwenye diski

Ukipiga SELECT, ile amri ya kuiuliza databesi, inakuja tebo safi, imejipanga mistari na kolamu, basi mtu unaamini kwenye diski nako mambo yako hivyohivyo. Wapi! Dawa ni kwenda kuchungulia faili lenyewe. Mimi natumia databesi ya PostgreSQL maana haina longolongo kwenye hili. Fanya kwenye mashine ya majaribio, sio seva ya kazini, na faili ni la kuangalia tu, usije ukalihariri kwa mkono.

Tengeneza tebo: CREATE TABLE watu (id int, jina text); alafu ingiza Asha, Juma na Rehema kwa mpangilio huo, id 1 mpaka 3. Sasa uliza SELECT pg_relation_filepath('watu'). Itakutemea kitu kama base/16384/16402, namba zako zitakuwa zingine. Piga na SHOW data_directory, inakupa folda kuu. Unganisha hizo mbili, ndo anwani kamili.

Kabla hujafungua piga CHECKPOINT, kwanza. Hapa wengi wanakwama, wanafungua faili wanakuta sifuri tupu wanadhani wamekosea njia, kumbe rekodi bado iko kwenye memori na kilichowahi kufika diski ni WAL, yaani daftari la mabadiliko ambalo linaandikwa kwenda mbele tu, ili umeme ukikatika databesi ilisome na kujirudishia mambo yake. Faili la tebo linafuata baadaye, CHECKPOINT inaliharakisha.

Piga ls -l kwenye hilo faili uone ukubwa wake (utahitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi). Baiti 8192, kwa majina matatu! Ni kwa sababu databesi haishughuliki na rekodi mojamoja, inasoma na kuandika peji nzima, na peji ya PostgreSQL ni baiti 8192. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya databesi ya MySQL, peji yake kwa kawaida ni kilobaiti 16.

Sasa utamu wenyewe: hexdump -C kwenye hilo faili, amri inayokuonyesha baiti zake mojamoja na herufi zake pembeni. Juu kabisa kuna kichwa cha baiti 24, kinafuatiwa na vielekezi vya baiti 4 kila kimoja vinavyosema rekodi fulani inaanzia wapi, alafu sifuri kibao, na majina utayakuta huko chini mwisho wa peji, tena kinyumenyume: Rehema, Juma, Asha. Vielekezi vinajaa kutoka juu, rekodi kutoka chini, wakikutana katikati peji imejaa inafunguliwa nyingine. Na kila rekodi ina kichwa chake cha baiti 23 kabla hata ya data yako, ndo maana tebo la namba mbilitatu linakula diski kuliko ulivyopiga hesabu.

Jaribu na hii: SELECT ctid, * FROM watu, ctid ni namba ya peji na ya kielekezi, utaona (0,1), (0,2), (0,3). Badilisha Juma awe Hamisi kwa UPDATE, rudia SELECT. Hamisi yuko (0,4) na amehamia mwisho wa orodha! CHECKPOINT tena, hexdump tena, Juma bado yupo palepale. Hajafutwa, ameandikiwa tu kwamba muda wake umeisha. Kwa hiyo acha kutegemea mpangilio wa rekodi bila ORDER BY, yaani bila kuiambia SELECT ipange kwa kolamu gani, mimi nishaumbuka na hilo.

Wa kusafisha hao marehemu ni VACUUM, ila inaachia nafasi itumike upya, faili kwa kawaida halipungui. Ukitaka lipungue kweli ni VACUUM FULL, na hiyo inafunga tebo zima mpaka imalize, niliwahi kuipiga mchana kweupe simu zikaanza kuita. Ikimaliza uliza tena pg_relation_filepath, utakuta namba ya faili imebadilika, maana imekuandikia faili jipya kabisa na la zamani limetupwa.