Kuomba nafasi ya mwaka wa kwanza chuo kikuu Lubumbashi: karatasi, makuta na mitego

Siku matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, yanatoka, mtoto anamwagiwa poda mtaani. Kesho yake kazi ya pili inaanza, na hiyo haina poda. Faili inaweza kurudishwa kwa kitu kidogo sana: herufi moja ya jina, bodero (risiti ya benki) iliyopotea, picha isiyokuwa na jina nyuma.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndilo linalosumbua kuliko yote. Kwetu Kongo mtu ana nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (jina linalofuata) na prénom (kama Marie au Joseph), na kila karani anaandika anavyosikia. Ngoy anakuwa Ngoie, Kabwe anakuwa Kabue, Mwamba anakuwa Muamba, au postnom inaruka kukaa mahali pa nom. Panga karatasi zako zote mezani, usome jina herufi kwa herufi. Zikipingana, diploma ya serikali ndiyo inayotawala: karatasi za komuni zinazoweza kutolewa upya zifuate maandishi yake, maana kuzipata upya ni rahisi kuliko kugusa diploma. Wewe uliye bado darasa la mwisho una bahati: hakikisha jina lako shuleni kabla orodha ya watahiniwa haijatumwa. Dakika tano pale zinakuokoa miezi.

Diploma yenyewe huchelewa, wakati mwingine miaka. Usiingoje. Vyuo vinapokea attestation de réussite (karatasi ya kuthibitisha umefaulu) pamoja na bulletin, yaani ripoti za alama, za miaka miwili ya mwisho ya humanités (sekondari). Bulletin iliyokosa muhuri wa shule au saini ya mkuu wa shule ni karatasi tupu. Ikague ungali hapo shuleni, kwa sababu likizo ikianza mkuu hapatikani.

Zaidi ya hizo, faili ya kawaida inaomba hati ya kuzaliwa, attestation de bonne vie et mœurs (karatasi ya mwenendo mwema) kutoka komuni, cheti cha daktari cha aptitude physique (afya ya mwili), na picha za pasipoti. Piga picha nane hata kama wameomba nne, uandike jina nyuma ya kila moja. Aliyezaliwa bila kuandikishwa komuni ndani ya siku 90 huenda akahitaji jugement supplétif, yaani hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya kuandikishwa. Hiyo ianze mapema, haiwezi kupatikana kwa siku mbili. Kopi zinazotakiwa certifiée conforme (zilizothibitishwa kulingana na orijinali) zinapigwa muhuri komuni au kwa notaire, na unapashwa kwenda na orijinali mkononi. Fanya seti tatu kwa safari moja: moja ya chuo, moja ya chuo cha akiba, moja ibaki nyumbani.

Kuchagua fakilte, angalia option (mchepuo wa sekondari) uliyosoma kabla ya kuangalia ndoto. Asilimia 50 inakupa diploma, haikufungulii kila mlango. Droit (sheria) inakubali karibu option zote. Polytechnique (uinjinia) inataka hesabu za nguvu, na aliyetoka Commerciale atajikuta anapigana na fizikia asiyowahi kuiona. Médecine (udaktari) na Polytechnique mara nyingi zinaweka mtihani wao wa kuingilia, basi weka faili halafu urudie biolojia na kemia, au hesabu na fizikia, badala ya kupumzika. Na usiweke mayai yote UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Kuna vyuo vya juu vingine vya serikali: anayependa uuguzi ana ISTM, ualimu ISP, biashara ISC, takwimu ISS. Si vyuo vya walioshindwa, hata kama mitaani wanasema hivyo.

Chuo cha binafsi, omba kuona agrément yake, yaani kibali cha serikali, kabla ya kulipa hata franga moja. Bila hiyo, diploma yako haitatambuliwa, na utayajua hayo baada ya kumaliza makuta ya wazazi. Uliza pia wanamaanisha nini wanaposema licence. Tangu mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) ulipoingizwa mwaka wa kwanza katika 2021-2022, licence ni miaka mitatu, krediti 180, yaani 60 kila mwaka. Zamani licence ilikuja baada ya graduat (shahada ya kwanza ya miaka mitatu), jumla miaka mitano. Mjomba wako na karani wanaweza kutumia neno moja wakisema vitu viwili.

Malipo yapitie benki, kwenye akaunti ya chuo. Mtu anayesimama karibu na mlango wa Kasapa, kampasi ya UNILU, akikuambia «nipe mimi, nitakupitishia faili» hana faili yoyote ya kupitisha. Dola ziwe safi: noti iliyopasuka kidogo, iliyoandikwa kwa bic au ya zamani mno itakataliwa kwenye guichet, na utarudi kupanga mstari upya. Bodero ikitoka, ipige fotokopi siku hiyohiyo. Karatasi nyingi za mashine hufifia wino, na baada ya miezi michache unabaki na kipande cheupe kisichothibitisha chochote.

Fomu ikijazwa kwenye intaneti, skani kwa simu mchana, karatasi ikiwa bapa na kivuli cha mkono kikiwa nje ya picha. Usitume dakika ya mwisho. Umeme ukikatika au mtandao ukilemewa, hakuna wa kulaumiwa ila wewe. Hifadhi namba ya fomu mahali pawili, maana simu huibiwa.

Kukubaliwa si kuandikishwa. Jina likibandikwa ukutani au likitoka mtandaoni, bado kuna tarehe ya kulipa sehemu ya kwanza ya frais (ada) na kukamilisha inscription (kuandikishwa). Ukiipitisha, nafasi inaweza kupewa mwingine. Fuatilia hadi upate namba ya matricule (namba yako ya mwanafunzi), kwa sababu asiyekuwa nayo hawezi kuandikishwa kwa mitihani, hata awe amekaa kwenye auditoire (ukumbi wa masomo) kila asubuhi.

Orijinali ya diploma usiiache buroni bila karatasi ya kupokea yenye tarehe, jina la aliyeipokea na muhuri.